Mwalimu wa Hesabu, Jitu la Darajani na Barua Nne

Jumanne iliyopita nilikuwa nimekaa hapa nyumbani Gendabi, kalamu mkononi, nikitafuta namna ya kumjibu msomaji mmoja, simu ikaita. Alikuwa nesi mmoja ambaye zamani tulifanya kazi jirani, yeye zahanati, mimi shuleni. Hakunisalimia kwa urefu kama kawaida yake. Aliniambia tu kwamba Mwalimu amefariki huko kwao Masasi, ameugua siku nne, na wameshamzika. Nikamuuliza ni mwalimu yupi, ingawa nilijua. Nimefanya kazi na walimu wengi mpaka majina ya wengine yamenitoka, lakini kati yangu na yule nesi Mwalimu alikuwa mmoja tu. Nikaiweka kalamu chini, nikatoka nje kuwaangalia ng'ombe ambao wala hawakuwa na haja ya kuangaliwa.

Msomaji niliyekuwa namjibu ni mwalimu kijana wa huko Gehandu. Aliniandikia kwamba yeye na wenzake wameanza mchezo wa kukaa mezani, mmoja anasimulia kisa cha mapango, majitu na hazina, wengine wanakuwa mashujaa wa kisa hicho na kusema wanafanya nini, kisha dadu inaamua kama umefanikiwa au umekufa. Wanatumia visa vipya walivyopakua kwenye simu, vyenye picha za kung'aa, lakini wamesikia kwamba vile vya zamani, vilivyoandikwa kabla hawajazaliwa, ni bora zaidi. Anauliza, mgeni wa mchezo huu aanze na vipi? Aliniuliza mimi kwa sababu niliwahi kujigamba katika safu hii kwamba naujua. Ni kweli naujua, ila kila ninachokijua nilifundishwa na huyo aliyezikwa wiki iliyopita. Kwa hiyo leo nitatoa jibu na rambirambi kwa pamoja, na nikivichanganya mnisamehe, maana hata kichwani mwangu vimechanganyika.

Alikuja kwetu mwezi wa saba, kwenye sekondari moja ya kata si mbali na Dongobesh, ambako mimi nilikuwa mkuu wa shule. Alikuwa na mabegi mawili na shati la mikono mifupi. Ndugu zangu, mtu aliyezaliwa Masasi akishushwa Mbulu mwezi wa saba na shati la mikono mifupi, unamhurumia mpaka unacheka. Siku ya tatu alinijia ofisini, mikono kaificha kwapani, akaniuliza kwa adabu kama baridi hii huwa inaisha. Nikamwambia inaisha. Huo ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwake, na laiti ungekuwa wa mwisho, leo ningewaandikia safu nyepesi ya kuwachekesha.

Alipanga vyumba viwili kwa mkulima mmoja wa vitunguu saumu, mtu wa miaka sitini na ushee, Mkristo mkali na mkali zaidi kwenye mambo ya heshima. Begi la pili la Mwalimu halikuwa na nguo. Lilijaa vijitabu vya visa, nakala zilizotolewa nakala, vingine havina jalada, alivyoachiwa na mgeni wa kujitolea aliyemfundisha fizikia enzi akiwa mwanafunzi. Dadu ya pande ishirini alikuwa nayo moja tu, na ilikuwa imemeguka pembe, kwa hiyo nyingine tulizifidia kwa vikaratasi vyenye namba ndani ya kopo la siagi. Masika yakianza kwetu, barabara inageuka uji, magari yanashindwa kupanda, mtandao unaupata ukipanda kilima, na Jumapili baada ya ibada inakuwa ndefu kama Kwaresima. Ndipo alipomwalika yule nesi, naye ni mgeni kama yeye, Mwislamu wa Tanga. Mwenye nyumba akaja kusikiliza kelele ni za nini, akaketi. Mimi nilikwenda kukagua kama walimu wangu wanacheza kamari, nikabaki miaka mitano.

Mchezoni, mwenye nyumba alikuwa mpiga mishale. Nesi alichagua kuwa mwizi, akasema kazini ameshakuwa mwema vya kutosha. Mimi nilichagua shujaa wa upanga aliyekula kiapo kwamba hatasema uongo maisha yake yote. Mwalimu aliandika kiapo hicho kwenye karatasi yangu bila kuinua macho, akaniambia hicho ndicho kiapo kigumu kuliko vyote, kwa hiyo nifikirie vizuri. Nikamjibu kwamba mkuu wa shule ameshazoea. Wasomaji wangu, semeni mnavyotaka, ndivyo nilivyomjibu.

Sasa sikiliza, kijana wa Gehandu. Katika kijitabu cha kwanza kabisa kulikuwa na jitu linalolinda daraja, limekaa pale miaka elfu moja, linaua yeyote anayelikaribia. Mwalimu alipolitaja tu, mimi nikashika dadu, nesi akashika kopo. Mwenye nyumba akasema tungoje kwanza. Akamuuliza Mwalimu kama ni kweli amesema miaka elfu moja, Mwalimu akakubali. Mzee akavua kofia yake, ile ya kweli aliyoivaa, akaiweka gotini. "Basi ni mkubwa wetu sote," akasema. "Shikamoo." Mwalimu akaangalia kijitabu, akafunua ukurasa, akarudi nyuma, akafunua tena. Kilikuwa na nusu ukurasa mzima wa namna jitu linavyovunja watu migongo, lakini hakikuwa na hata mstari mmoja kuhusu kusalimiwa. Huyu ni mwalimu wa hesabu, mtu ambaye kanuni kwake ni kanuni. Kisha akashusha sauti mpaka ikatoka tumboni, akasema, "Marahaba." Tukakaa karibu saa nzima, mzee akiliuliza jitu habari za nyumbani na za mifugo, jitu likieleza kwamba tangu liwekwe pale hakuna aliyewahi kulisalimia. Nesi alipotaka kupita nyuma ya jitu achomoe funguo zake, mzee alimkemea vibaya, akamwambia mtu uliyemsalimu humwibii. Tulivuka kwa ruhusa, upanga wangu ukiwa kiunoni. Mwalimu akachukua penseli, akaandika pembeni mwa ukurasa kwamba mkubwa aliyeitikia salamu hapigi mpaka jua lizame.

Kanuni hiyo ilitukosti baadaye. Katika kisa kingine tulikutana na babu mwenye ndevu nyeupe kandoni mwa kisima, mwenye nyumba akawahi kumwamkia, babu akaitikia vizuri, tukamgeuzia mgongo kwa amani yote tukachote maji. Kumbe si babu, ni jini la juzi juzi limejivika uzee, na kwa kuwa halikuwa mkubwa wa mtu, kanuni haikulifunga. Tulikufa wote watatu kisimani. Mashujaa wa kwingine wangelipima kwanza kwa dadu, sisi tulikufa kwa adabu. Mzee hakukasirikia kufa. Alikasirika kwamba kuna kiumbe kimeitikia shikamoo isiyo yake, akasusa, na kwa siku mbili nzima hakuongea na mpangaji wake. Mwalimu ilibidi aende kuomba radhi kwa niaba ya jini.

Hilo ndilo jibu langu kuhusu visa vya zamani. Vipya vinakueleza kila kitu mpaka rangi ya pazia, na mkifanya kitu ambacho mwandishi hakukifikiria, msimulizi anababaika. Vya zamani ni vyembamba. Vinakwambia kuna daraja na kuna jitu, mengine mtajua wenyewe, na humo mna nafasi ya ninyi kuingia na desturi zenu. Usianze na vile vya mashimo yaliyojaa mitego kila hatua, vinamaliza wageni na kuwakatisha tamaa. Tafuta kisa kifupi chenye daraja moja na mlinzi mmoja. Ukishakimaliza, tafuta kile cha kijiji kinachovamiwa na mbwa mwitu kila mwezi. Nacho ni cha zamani na ni chepesi, lakini Mwalimu alipokisimulia, mwishoni tuligundua kwamba wakulima walikuwa wamelima mpaka wakaziba njia ya wafugaji ya kwenda majini, na mbwa mwitu walitumwa na mtu aliyechoka kuomba kwa upole. Sisi wa Hanang, tunaoujua ugomvi huo nyumbani, hatukuhitaji kuelezwa zaidi. Mwenye nyumba alitikisa kichwa akasema hata kwa shemeji zake yapo.

Kuna kisa cha tatu, na ndicho bora kuliko vyote, ila siwezi kukieleza kabla sijaeleza habari nyingine ambayo nimeificha muda mrefu. Mficha uchi hazai, nami nimeuficha wa kwangu mpaka mwenye haki ya kuuona amekufa.

Mwalimu alikuwa na mke huko Masasi, naye ni mwalimu, wa shule ya msingi. Hakuweza kumfuata mumewe huku kwa sababu mama mkwe alikuwa kitandani na hakukuwa na mwingine wa kumwinua. Walikuwa na binti mmoja, aliyezaliwa miezi miwili baada ya Mwalimu kuripoti kwetu. Mtoto huyo alimjua baba yake kwa sauti. Mwalimu alipanda kile kilima kila jioni kumtakia usiku mwema, mvua inyeshe isinyeshe, na alipokwenda likizo ya Desemba ya tatu mtoto alimkimbia akajificha nyuma ya mlango, kisha akamuuliza mama yake kama huyu ndiye baba wa simu. Alitusimulia hayo akicheka. Nesi hakucheka, akainuka akaenda kuchemsha chai ambayo hakuna aliyeiomba.

Mwaka wa kwanza ulipokwisha aliandika barua ya kuomba uhamisho. Wenye kazi za serikali mnajua, enzi hizo barua kama hiyo haiendi yenyewe, inapitia kwa mkuu wa shule, naye anaandika maoni yake chini, anagonga muhuri, anaifunga kwenye bahasha na kuipeleka wilayani. Niliisoma mara mbili. Ilikuwa barua nzuri, fupi, imeeleza mama mgonjwa na mtoto. Sasa nami niwaeleze hali yangu, si kwa kujitetea. Kabla yake tulikaa muda mrefu bila mwalimu wa hesabu, na wanafunzi walikuwa wanakwenda kwenye mtihani kama wanaokwenda kunyolewa. Yeye alipokuja, watoto walianza kufaulu, na mimi nikaanza kuitwa kwenye vikao vya wilaya nisifiwe. Nilichukua kalamu nikaandika kwamba hana mbadala, asiruhusiwe kwa sasa. Jibu lilipokuja la kukataa, nilimwita ofisini, nikamkalisha, nikamwambia, "Mimi sina pingamizi, Mwalimu. Wakubwa ndio wamekataa." Akanishukuru kwa kujaribu.

Barua zilikuwa nne. Ya pili niliandika vilevile, na ya tatu, na ya nne sikuumiza hata kichwa, nilinakili maneno ya ile ya tatu. Kila mara nilimwambia yaleyale kuhusu wakubwa. Nilijiambia nafanya kwa ajili ya watoto wa watu, na kwa sehemu ni kweli, walikuwepo watoto na walifaulu. Lakini mtu mzima hajidanganyi kila siku bila kuchoka. Ijumaa nikitaka napanda gari naja zangu hapa Gendabi, nakula na mke wangu, naamka naangalia mahindi yangu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Na kulikuwa na jambo jingine la aibu zaidi, kwamba nilianza kukatisha safari zangu za nyumbani ili Jumapili inikute kule kule, kwenye meza ya Mwalimu, na nilipofikiria Jumapili bila yeye nilijisikia vibaya. Kwa hiyo nilimshikilia mtu kwa sababu nilimpenda. Nimeiandika sentensi hiyo mara tatu nikaifuta, safari hii nimeiacha.

Baada ya barua ya nne ndipo alipotusimulia kisa cha mji wenye lango moja. Mashujaa wanaingia mjini jioni kulala, asubuhi wanataka kuondoka, mlinzi wa lango anawaambia kesho. Kesho anawaambia kesho. Hakuna mnyama, hakuna mtego, watu wa mji ni wakarimu, wanawapikia na kuwapa kazi, na wanazeeka humo humo. Tulikicheza majuma sita, mvua ikitushindilia ndani, na kwa kweli kilianza kutuumiza. Nesi, ambaye naye alikuwa anangojea uhamisho wake, Jumapili moja alisema hataki kucheza, akakaa akatazama dirishani. Mimi nilipandwa na hasira. Shujaa wangu wa kiapo alimkaba mlinzi kooni, akamtaka aseme nani anayezuia watu. Mwalimu alikifunga kijitabu. Sauti ya mlinzi huwa aliiweka nyembamba, lakini siku hiyo alitumia ya kwake mwenyewe, ya upole kabisa. "Mimi sina pingamizi," mlinzi akasema. "Wakubwa ndio wamekataa."

Nilimwangalia, naye alikuwa anaangalia kopo la vikaratasi, akanisogezea nichague namba. Nikachagua, sikumbuki ilitoka ngapi. Njiani kurudi nyumbani nilijiambia ni maneno ya kawaida, kila ofisi ya nchi hii inayatumia, na huenda hata yamo kijitabuni. Sikuwahi kuomba kijitabu niangalie. Tulimaliza kile kisa kwa mwenye nyumba kwenda kukaa na mlinzi langoni siku nzima, kimya, mpaka mlinzi mwenyewe akasema ukweli kwamba hakuna wakubwa, yuko peke yake, na anaogopa mji utabaki mtupu. Akafungua. Mwenye nyumba alifurahi sana siku hiyo, akatuchinjia kuku.

Mimi sikujifunza kwa kuku wala kwa kisa. Kilichomkomboa Mwalimu ni umri wangu, nilistaafu. Akaja mkuu mpya, mwanamke mmoja asiyekuwa na maneno mengi, akapelekewa barua ya tano, akaandika kwamba hana pingamizi, na safari hii ilikuwa kweli. Miezi michache tu, Mwalimu akapata Masasi. Nilitoka huku Gendabi kwenda kumuaga pale stendi ya Dongobesh, asubuhi yenye ukungu, akiwa na mabegi yake mawili na koti zito alilokuwa amelizoea. Mwenye nyumba alimwombea sala ndefu, nesi akalia waziwazi. Tulipobaki wawili nilitaka kuanza hotuba yangu ya kumtakia heri. Akanikatiza taratibu.

"Mkuu, barua yangu ya pili niliiona," alisema. "Nilifuatilia wilayani, karani akanifunulia faili. Mwandiko wako naujua."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, muda wote ule.

"Ningesema," akajibu, "Jumapili ningekaa na nani?"

Akapanda gari. Lililohitajika lilikuwa neno moja, nisamehe, nami miaka yote ya kuamuru watoto waombe radhi sikuwa nimejifunza kulitamka. Alikuwa amefungiwa mahali ambapo rafiki yake na mfungaji wake walikuwa mtu mmoja, naye alilijua hilo karibu miaka mitatu, akawa ananimiminia chai. Tuliandikiana ujumbe mara kadhaa baada ya hapo. Alinitumia picha ya binti yake akishika ile dadu iliyomeguka. Nilimjibu kwamba ni mtoto mzuri sana, ameshakua. Kila nilipoanza kuandika lile neno niliona si la kuandika kwenye simu, nitamwambia nikienda kumtembelea, na safari ya Masasi niliipanga mara mbili nikaiahirisha. Aliishi nyumbani kwake mwaka mmoja na miezi minne. Kwangu alikaa miaka mitano, na kati ya hiyo mmoja tu ndio ulikuwa wa serikali, iliyobaki ilikuwa yangu.

Alhamisi nilimpigia simu mjane wake kumpa pole. Nilipojitambulisha akaniuliza kama mimi ndiye yule Mkuu wa Jumapili. Nikasema ndiye. Akaniambia kwamba marehemu alinitaja sana, kwamba alimwambia nilipigania uhamisho wake mwaka hadi mwaka mpaka nikastaafu bila kuchoka. "Asante, baba," akasema, "kwa kunitunzia mume wangu." Nami, mzee mzima, nikaitikia. Nikasema asante mama, poleni sana, nikakata simu.

Kijana wa Gehandu, tafuta visa vya zamani, ucheze na watu unaowaheshimu. Na wewe mwenzangu unayesoma haya, kama barua ya mtu iko mezani kwako, ipitishe. Ikiwa kweli huwezi, mwite umwambie usoni kwamba aliyekataa ni wewe, na umwambie leo, akiwa bado anaweza kukasirika. Na wewe mama wa Masasi, nesi ameniahidi kwamba atakusomea gazeti hili kwa simu: ile asante uliyonipa si yangu. Mumeo hakukwama kwa sababu ya wakubwa. Ni mimi niliyemzuia, kwa mkono wangu, mara nne, naye alijua, akakuficha ili usinichukie. Nisamehe.